Tupeane uzoefu: Dawa uliyoandikiwa na daktari, kisha mwili ukagoma kuiacha

Mtoto wa Kibosho:
Wakuu, habari zenu. Naomba tuzungumzie jambo ambalo majumbani halisemwi. Tukisikia mtu ni teja, tunawaza unga na vijana wa maskani. Hatumuwazi mama mtu mzima, kanisani yupo, vikoba yupo, na kwenye mkoba ana diazepamu, dawa ya kutuliza na kuleta usingizi.

Huyo ni mama yangu mzazi. Baba alipofariki, usingizi ukamkimbia. Akaandikiwa vidonge vya mg 5, kimoja usiku, kwa muda mfupi. Vilimsaidia kweli, hilo silikatai. Cheti kilipoisha, duka la dawa la mtaani likaendelea kumuuzia bila kumuuliza kitu. Kimoja kikawa viwili, maana mwili ukishazoea, kipimo kilekile hakimlazi tena. Miaka ikaenda. Ndugu walipogundua wakakaa kikao, wakavimwaga vyote chooni. Baada ya siku chache mama akaanza kutetemeka, jasho linamtoka, anasikia watu wanaomwita, mwisho akaanguka kama mwenye kifafa. Tayari kuna waliokuwa wanatafuta mtu wa kumwombea.

Hospitali ndiko tulikoelezwa kwamba dawa za kundi hilo mwili unaweza kuanza kuzitegemea ndani ya wiki chache tu, ndiyo maana kwa usingizi hazitakiwi kuzidi wiki mbili hadi nne. Na ukizikata ghafla, ubongo uliozoea kutulizwa unawaka wote kwa mpigo. Walimrudishia dawa kwanza, ndipo wakaanza kupunguza taratibu.

Ndugu zangu walimpenda mama, na kwa upendo huohuo nusura wamuue. Hilo ndilo limenifanya nifungue uzi huu. Aliyepitia au kuuguza mtu wa namna hii, aseme.

Dereva wa Tunduma:
Pole sana mkuu, mpe mama salamu. Mimi ni tramadoli, dawa ya maumivu. Nilipata ajali ya lori, mguu ukavunjika, nikaruhusiwa wodini na vidonge. Mfupa uliunga, vidonge vikabaki, kwa sababu niliona vinanipa moyo wa kuendesha usiku. Nikivikosa asubuhi ni miayo, makamasi, kuhara, na mifupa kuuma hadi naapa mguu umevunjika upya. Nikawa nameza nikiamini natibu mguu. Daktari ndiye aliyeniambia mguu ulishapona kitambo, hiyo ni arosto, yaani mwili unadai dawa uliyoizoea, tramadoli iko ukoo mmoja na mofini. Utingo wangu naye alikuwa anavitafuna bila kuandikiwa na mtu, siku moja akazidisha, akashikwa na degedege ndani ya gari. Alipona. Hospitali ya mkoa, kitengo cha afya ya akili, walinipokea vizuri na hakuna aliyenifokea. Nawaambia madereva wenzangu, nendeni.

Dada wa Mbagala:
Kwetu ni mdogo wangu. Aliandikiwa prednisoloni kwa ajili ya pumu. Mashavu yakajaa, watu wakamsifia kanawiri, basi akawa anajinunulia. Alipoacha ghafla, nguvu ziliisha kabisa, anatapika, presha chini, hawezi hata kukaa. Tezi zilizo juu ya figo zilikuwa zimelala kwa kuzoea kuletewa kazi iliyokwishafanywa. Wanaouza deksa (deksamethasoni, kundi moja na prednisoloni) za kunenepesha wanajua haya?

Mbeba Boksi Ohio:
Huku Marekani janga lilianzia kwenye kalamu za madaktari. OxyContin, vidonge vya maumivu vya oksikodoni, iliingia sokoni 1996 ikisifiwa kuwa haina hatari kubwa ya uraibu, na mwaka 2007 kampuni ya Purdue Frederick ikakiri kosa mahakamani kwa kuinadi kwa upotoshaji. Wakati huo watu walishazikwa. Nilipojifungua kwa upasuaji nilipewa vidonge vichache vya oksikodoni, na mfamasia akaangalia kwanza kwenye mfumo wa jimbo nimewahi kuchukua nini na wapi. Nyumbani nani anaangalia?

Mzee wa Korogwe:
Nimesoma nikaogopa. Mimi nameza dawa za presha na sukari mwaka wa ngapi sasa. Na mimi niache?

Sista wa Zamu ya Usiku:
Shikamoo mzee. Usiache hata siku moja. Hizo hukuzizoea, ugonjwa ndio unaozihitaji, na ukizikatisha kiharusi kinaweza kufuata. Dalili za kuogopa ni nyingine: unaongeza kipimo mwenyewe, unazunguka maduka, unaficha, unameza na sababu ya kwanza ilishaisha.

Kwa wengine: Valium (ndiyo hiyo diazepamu) na tramadoli msizichanganye, na pombe msiongeze kabisa. Zote zinapunguza pumzi, mtu analala na haamki. Nimewapokea wa namna hiyo usiku, inauma. Kliniki za methadoni, kama ile iliyoanza Muhimbili 2011, zilianzishwa kwa ajili ya watu wa heroini. Wewe wa vidonge vya hospitali anzia kitengo cha afya ya akili hospitali ya rufaa ya mkoa, na uwaambie kipimo chako halisi, usikipunguze kwa aibu. Wakikadiria chini, utaumwa.

Dada wa Mbagala:
Mtoto wa Kibosho, mama alipunguziwaje? Nina shangazi.

Mtoto wa Kibosho:
Dada, kwa mama ilikuwa kama sehemu moja ya kumi ya kipimo kila baada ya wiki mbili. Akizidiwa, daktari anasimamisha hapohapo bila kumrudisha juu, akitulia wanaendelea. Ilichukua zaidi ya mwaka. Vidonge nilikaa navyo mimi, nampa cha siku hiyo tu. Chai ya jioni tuliiondoa. Wiki za mwisho ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote, tukawa tunapokezana kulala naye chumbani. Shangazi asianze peke yake, mpelekeni kwanza, na mbebe maboksi ya dawa zote anazotumia.