Naomba ushauri: filamu yangu wanasema haieleweki

Mleta uzi
Wakuu, salaam. Mimi ni mchoraji, naishi Sinza. Siku hizi kanvasi nimeiweka pembeni, natengeneza filamu kwa kamera ya kuazima. Ya sasa ina dakika 38. Mwanamke anatoka baharini Kigamboni na sufuria kichwani, maji yaliyomo yanageuka mchanga, halafu anapanda daladala ambayo abiria wote wana sura yake (barakoa nimezitengeneza kwa maboksi). Hakuna anayeongea. Msambazaji mmoja Kariakoo alitazama kidogo tu akauliza, "Sasa steringi ni nani?" Anataka niweke msimulizi. Niweke?

Kinyozi wa Tandale
Mimi mtu wa Bongo Movie, sikufichi mkuu: dakika 38 kimya, nalala. Ila hiyo daladala naitaka.

Mama Vinyago
Mdogo wangu, usithubutu. Pita Mwenge kwa wachongaji uone shetani wa Kimakonde, jicho moja, mkono umeotea pasipotarajiwa. Watu wananunua, hakuna anayedai kwanza asimuliwe. George Lilanga alichora na kuchonga mashetani hapa hapa Dar mpaka alipofariki 2005, na kazi zake zilifika Ulaya na Marekani. Huyo wa Kariakoo anauza steringi, wewe huna. Umegonga mlango usio wako.

Mkasi
Msimulizi hapana, lakini kata. Mtengeneza filamu Maya Deren na mumewe Alexander Hammid walipiga yao, Meshes of the Afternoon, 1943 nyumbani kwao Los Angeles: dakika 14 tu, hakuna mazungumzo. Ufunguo na kisu vinarudi, vinarudi, mpaka unaviogopa. Sufuria yako inarudi mara ngapi?

Mleta uzi
Ikishatoka baharini ndo basi.

Mkasi
Hapo ndipo panapouma. Iingize kwenye daladala, konda aipokee kama nauli. Ikibaki dakika 12 hivi, waone kituo cha sanaa cha Nafasi Art Space pale Mikocheni, uulize kama inaweza kuonyeshwa ukutani ikijirudia, mtu aingie na kutoka anapotaka. ZIFF, lile tamasha la filamu la Zanzibar, nao huwa wanapokea filamu fupi. Ila kibali je? Sheria ya Filamu ya 1976 inataka kibali cha kupiga, na kazi ikaguliwe na Bodi ya Filamu kabla ya kuonyeshwa hadharani.

Mleta uzi
Cha kupiga ninacho, ukaguzi bado. Shukrani wakuu. Daladala ni ya shemeji, tuliipigia gereji Tabata, haikusogea hata futi. Ukonda nitampa yeye.

Kinyozi wa Tandale
Shemeji asiongee tu.