Milioni 9 niondoke sasa au nisubiri miaka 60? NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) inasoma milioni 28

Mzee_Kiwandani
Wakuu, habari za jioni. Kampuni inapunguza watu. Wametuita wazee mmoja mmoja, anayekubali kuondoka kwa maelewano anapewa milioni 9 mkononi. Asiyetaka anaendelea mpaka umri wa kustaafu. Nimeangalia taarifa ya michango yangu NSSF, jumla ni milioni 28 na ushee. Nikijumlisha ni 37. Mama watoto anasema tusubiri, mimi naona nichukue changu mapema. Nawasilisha.

Mbavu_za_Mbwa
Chukua mzee. Kesho haina mwenyewe.

Bwana_Hesabu
Shikamoo mzee wangu. Hujasema una umri gani, mshahara ni kiasi gani, na umechangia miezi mingapi. Hapo tunapiga ramli tu.

Mzee_Kiwandani
Marahaba. Nina 59, mwakani mwezi kama huu natimiza 60. Mshahara 1,200,000 kwa miaka minne sasa. Miezi sina uhakika, si jumla ya hela ndiyo muhimu?

Bwana_Hesabu
Hapana mzee, jumla ya hela ndiyo inayowapoteza wengi. Pensheni haikokotolewi kwa hiyo 28. Fungua tena hiyo taarifa, hesabu miezi.

Mzee_Kiwandani
171.

Mama_Tunu
Weeee! Usisaini kitu!

Bwana_Hesabu
Mama Tunu kaiona. Sifa ya kupata pensheni ya kila mwezi ni miezi 180, yaani miaka 15. Ukiondoka leo na 171 unaangukia kwenye mkupuo (hela ya mara moja) peke yake, halafu basi. Ukikaa mwaka mmoja unafika 183.

Kanuni: 183 gawanya kwa 580, zidisha kwa wastani wa mshahara wa mwaka (wanachukua miaka 3 iliyo mizuri kuliko yote ndani ya 10 ya mwisho). Kwako ni milioni 14.4, kwa hiyo inatoka kama milioni 4.54. Hiyo ni pensheni kamili ya mwaka. Asilimia 35 yake inazidishwa kwa 12.5, unapata mkupuo wa karibu milioni 19.9. Asilimia 65 inayobaki wanaigawa kwa 12: kama 246,000 kila mwezi mpaka unaingia kaburini.

Mzee_Kiwandani
Sasa nimechanga 28 wananipa 19? Si dhuluma hiyo?

Bwana_Hesabu
Hiyo tofauti ya milioni 8 inarudi ndani ya miaka mitatu kasoro. Baada ya hapo unakula ambacho hukuweka. Na nusu ya hiyo 28 kaweka mwajiri: asilimia 10 ya mshahara yako, 10 yake.

Kipanga
Na mshahara wa mwaka mzima ni 14.4, yeye anapewa 9. Hao wameshapiga hesabu zao.

Kidole_Juu
Asilimia 35 umeitoa wapi? Shangazi yangu mwalimu kapewa 40.

Bwana_Hesabu
Bajeti ya 2024. Waliokuwa wakipata 50 kabla ya kushushwa hadi 33 wamepandishwa hadi 40. Waliokuwa kwenye 25 wamepewa 35, na NSSF wako humo.

Kidole_Juu
Yaani ubaguzi. Wabunge kila miaka mitano kiinua mgongo chote mkononi, hakuna cha 580 wala nini.

Mbavu_za_Mbwa
Magufuli alisimamisha kikokotoo (ile kanuni mpya ya kupiga hesabu za mafao) Desemba 2018. Angekuwepo...

Mama_Tunu
Msimpoteze mzee na siasa. Baba, hiyo 171 ihakiki mwezi kwa mwezi. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa kampuni moja ya mabasi. Kila mwezi karatasi ya mshahara inaonyesha kakatwa. Siku ya kufuatilia mafao tunakuta mashimo: Machi ipo, Aprili hakuna, Mei hakuna, Juni ipo. Bosi anasema mhasibu aliyehusika ameshaondoka. Kilichotuokoa ni zile karatasi, alikuwa anazitunza kwenye bati la biskuti, nyingine wino umefifia hausomeki. Zilizosomeka, mwajiri alibanwa akalipa. Zilizofifia mpaka leo nasikia "tunafuatilia". Wewe ziada yako juu ya 180 ni miezi mitatu tu. Ukikuta mashimo manne umekwisha.

Mzee_Kiwandani
Duh. Karatasi za kabla ya 2015 sinazo.

Kipanga
Kaombe nakala kwa mhasibu wiki hii, kabla hawajajua umekataa.

Mchuuzi_wa_Hisa
Mimi ningechukua yote leo nikaweka UTT (mifuko ya uwekezaji wa pamoja), ule mfuko wa hatifungani. Unapata gawio na mtaji unabaki wako, ukifa wanao wanarithi.

Bwana_Hesabu
NSSF nako wategemezi wana mafao ya urithi. Usimtishe.

Kuku_Chotara
Gawio la nini, aje Njombe apande parachichi.

Kipanga
Mti wa parachichi unamsubiri miaka mingapi mtu wa 60?

Kuku_Chotara
Ya kubebesha mwaka wa tatu unaanza kuchuma. Nina miche, atakaye aje PM.

Mzee_Kiwandani
Mche bei gani? Na huko baridi ikoje kwa mtu wa presha?