Maotea ya pamba: yachomwe au yaachwe yafunike udongo?

Mdau wa Nyuzi, Dar es Salaam

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Ninafanya kazi hapa Dar es Salaam katika kampuni ndogo ya mavazi inayotaka kununua pamba ya wakulima wadogo wa Meatu na Maswa, mkoani Simiyu, kwa sharti kwamba watunze udongo wao: wapunguze kulima kwa plau, wabadilishe mazao na waache masalia yafunike ardhi. Mwongozo umeshaandaliwa na picha zake zinapendeza, lakini nilipousoma nilikwama mahali pamoja. Unataka masalia yote yabaki shambani, ilhali kanuni za zao la pamba zinamtaka mkulima ang'oe na kuchoma maotea, yaani miti ya pamba inayobaki shambani baada ya mavuno, kabla ya tarehe 15 Septemba kila mwaka. Je, tumshauri mkulima avunje kanuni? Na kama sivyo, udongo utafunikwa kwa kitu gani?

Bwana Shamba Mstaafu, Kimara

Ndugu yangu, msimshauri hivyo hata kidogo. Funza hujificha ndani ya vitumba vilivyosalia kwenye miti ya pamba wakisubiri msimu mpya, na shamba moja lisilosafishwa linatosha kuwaponza majirani wote. Sehemu za kusini mwa nchi yetu zilizuiwa kulima pamba kwa miongo mingi kwa sababu ya funza mwekundu.

Hata masalia ya mahindi na mtama msiyategemee sana. Kwa desturi ya Usukumani, mazao yakishavunwa mashamba huwa malisho, na ng'ombe wa jirani hawasomi miongozo.

Mimi ningeanza na samadi. Ng'ombe kule ni wengi na samadi hulundikana mazizini mwaka hadi mwaka, lakini shamba liko mbali na mkokoteni ni wa kuazima, kwa hiyo mkigharimia mikokoteni michache kupitia AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, mtakuwa mmeusaidia udongo kuliko semina yoyote. Kisha uje mzunguko wa mazao: baada ya pamba, mtama au mahindi yaliyochanganywa na choroko, na kwenye udongo mweusi wa mbuga, dengu zinazopandwa mvua zikielekea ukingoni, kwa kuwa huweza kukua kwa unyevu uliobaki ardhini.

Ng'wana Meatu, Mbagala

Nakubaliana na mzee wangu, ila naomba kuongeza jambo ambalo wataalamu hulipita haraka. Plau, pamoja na kugeuza udongo, huua magugu. Mkulima akiiacha na kutumia jembe la Magoye, ambalo huchana mstari wa kupandia tu, magugu ya misimu ya mwanzo huwa mengi, na palizi yake huwaangukia zaidi akina mama, tena wakati mahindi nayo yanawasubiri, maana pamba hupandwa kati ya katikati ya Novemba na katikati ya Desemba. Mkataba wenu useme wazi nani atalipia palizi hiyo. Anzeni na robo ekari kwa kila kaya, ili mavuno yakiyumba ada za shule zisiyumbe.

Kuhusu bei, jiandaeni kuulizwa maswali magumu. Pamba ya kilimo hai imelimwa Meatu tangu miaka ya 1990, kwa hiyo mtakutana na watu wanaoijua vizuri tofauti kati ya nyongeza iliyoandikwa na nyongeza iliyoahidiwa kwa mdomo.

Mdau wa Nyuzi, Dar es Salaam

Nawashukuru sana. Kipengele cha masalia ya pamba nimekifuta, na suala la palizi nitalipeleka kwa mhasibu kabla halijafika kwa wakulima. Nimebakiwa na swali moja: tukipanda mazao ya mikunde kama marejea au fiwi ili kufunika udongo, tutayalindaje na mifugo? Uzio hatuumudu.

Bwana Shamba Mstaafu, Kimara

Uzio hauhitajiki. Wasukuma wana ngitili, yaani eneo la malisho linalofungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi, na mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza Shinyanga mwaka 1986 ulirejesha miti kwa kuuheshimu utaratibu huo. Makubaliano hupitishwa kwenye dagashida, yaani mkutano wa jadi wa Wasukuma, na anayeingiza mifugo kinyume chake hutozwa faini. Waombeni wazee wayafunge kwa mtindo huo mashamba machache ya mfano yaliyo jirani jirani, na mwende mapema, mwezi wa Mei, pamba ikiwa bado inachumwa, kwa sababu ng'ombe wakishaingia hakuna mzee atakayekubali kuwatoa.