Naomba ushauri: sahani za agari zinaota ukungu kabla ya somo

Habari zenu wakuu. Nafundisha baiolojia sekondari huku Njombe, na somo lenyewe ni wiki ijayo.

Nataka wanafunzi waone kwa macho yao bakteria wa vidoleni kabla na baada ya kunawa kwa sabuni. Maabara yetu haina otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wa presha). Nilitengeneza agari (jeli ya kukuzia bakteria) kwa supu ya nyama, nikaichemsha nusu saa kwenye sufuria ya kawaida, nikamimina kwenye sahani za petri. Siku ya tatu, hata zile ambazo hakuna aliyezigusa zilikuwa na madoa meupe na ukungu wa kijani. Imeniuma, agari ni ghali na niliinunua kwa hela yangu.

Najua spora za bakteria wa Bacillus (hali yao ngumu ya kujihifadhi) hustahimili maji yanayochemka, na huku milimani maji huchemka kabla hayajafika nyuzi 100. Otoklevu hufika 121 kwa dakika 15. Je, presha kuka ya nyumbani inatosha, na niiache jikoni muda gani? Au nifuate njia ya mwanasayansi John Tyndall ya mwaka 1877, ya kuchemsha siku tatu mfululizo, ili spora zikichipua usiku zife kesho yake?

Ukungu nahisi unaingia wakati wa kumimina, ingawa nafunga madirisha na kukaa karibu na moto wa spiriti.

Tena, baada ya somo sahani niziue vipi kabla ya kutupa? Sitaki mtoto augue kwa ajili ya jaribio langu. Aliyewahi kufanya hivi shuleni anieleze hatua zake.