Waliniambia pikapu yangu haina soko, siku ya tisa wameitangaza kwa karibu mara moja na nusu ya waliyonipa

Wakuu, habari zenu. Nimekaa na hasira hizi wiki nzima, leo naziandika zote. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Nilikuwa na pikapu ya dizeli, dabo kebini, nimekaa nayo miaka sita tangu ikiwa mpya. Haijawahi kupata ajali. Sevisi zote kwa wakati, kila risiti ipo kwenye faili, ufunguo wa akiba upo. Nikaamua niitoe kwa yadi moja ya wauzaji wa magari, nichukue kwao toleo jipya la aina hiyohiyo, niongeze hela juu. Wengi humu mmeshafanya hivyo, utaratibu mnaujua.

Kwanza ukaguzi. Jamaa wao alikuja na kile kifaa kidogo cha kupimia unene wa rangi, akakigusisha mlango mmoja baada ya mwingine. Hakupata kitu maana rangi ni ya kiwandani. Akahamia nyuma. Kuna mkwaruzo juu ya mlango wa kushushia mizigo, urefu wake kama kiganja. Akapitisha kidole pale, akaguna, akaandika. Akaandika tena alipoona sakafu ya mizigo imechubuka. Jamani, ni pikapu! Imebeba mizigo, sakafu ikachubuka, likageuka kosa la kunikata hela.

Lakini kulala chini aangalie chesisi kama ina kutu, hakulala. Springi hakuziangalia. Injini hakuiwasha ikiwa baridi asikilize inavyoamka. Faili la risiti nililomkabidhi liliwekwa pembeni ya meza na halikufunguliwa mpaka naondoka. Kila kinachoonyesha uzima wa pikapu kilirukwa, kikashikwa kile tu kinachoshusha bei.

Likaja dau lao. Nilishtuka. Nikauliza kwa nini chini hivyo, nikajibiwa, "Bosi, hizi hazishiki bei. Ingekuwa Hilux tungeongea vingine." Sawa, kwamba Hilux inashika bei hakuna anayebisha. Ipo tangu 1968, spea zake zinapatikana kirahisi, fundi yeyote anaifahamu, na ndugu yake Tacoma, iliyoingia Marekani 1995, nayo inasifika huko kwa jambo hilohilo. Lakini jina haliwezi kukaguliwa badala ya gari. Mwaka 2016 Toyota ilikubali kumaliza kesi huko Marekani kuhusu chesisi za Tacoma, Tundra na Sequoia zilizokuwa zinaliwa na kutu. Kwa hiyo hata pikapu inayoongoza kwa kushika bei unatakiwa uingie chini yake na tochi. Yangu hawakuingia, ila bei ya kuidharau walikuwa nayo tayari.

Sasa sikilizeni. Haijapita nusu saa tukawa tumesimama mbele ya ile mpya. Aina ileile, injini ya ukubwa uleule. Muuzaji yuleyule, kwa mdomo uleule, ananiambia: "Hii ni akiba bosi. Itunze, fanya sevisi, miaka mitano utaiuza kwa bei nzuri." Nikamwambia nimeitunza, nimefanya sevisi, na wewe umetoka kuniambia haina soko. Akabadilisha mada, akaniuliza kila mwezi nina uwezo wa kulipa kiasi gani.

Hapa kwenye malipo ya mwezi naomba msome taratibu, maana ndipo watu wanapoliwa.

Alichukua karatasi nyeupe akachora msalaba katikati, zikatoka nyumba nne. Ya kwanza bei ya gari jipya, ya pili bei ya gari lako, ya tatu hela unayotanguliza, ya nne malipo ya kila mwezi. Ni mbinu ya zamani kwenye biashara ya magari, na ina nguvu kwa sababu namba nne haziwezi kukaa kichwani kwa pamoja. Ukiibana nyumba moja, wanakulegezea hiyo na kukaza nyingine. Tuseme gari jipya ni 100, lako wanalichukua kwa 40, unaongeza 60. Ukigoma, wanalipandisha lako hadi 45. Unafurahi. Ila jipya nalo limeshakuwa 105, kwa sababu "punguzo lile lilikuwa la wasiotoa gari". 105 toa 45 ni 60. Hujapata hata senti, na umewashukuru.

Kwangu walifanya hivyohivyo. Nilipogoma dau likapanda kidogo, kisha ada ya maandalizi ambayo mwanzo haikuwepo ikatokea kwenye nyumba ya gari jipya. Nilipoigusa hiyo, muda wa mkopo ukarefushwa ili malipo ya mwezi yaonekane madogo. Mtu akikurefushia mkopo wa gari linaloshuka thamani, unafika mahali deni ni kubwa kuliko gari lenyewe. Ukitaka kulitoa hapo katikati, deni lililobaki linabebeshwa gari linalofuata. Na gari jipya linashuka kwa kasi zaidi mwanzoni, mwaka wa kwanza peke yake unaweza kula kama moja ya tano ya bei au zaidi. Hilo hakuna muuzaji anayelitaja ukiwa umeshika ufunguo mpya mkononi.

Tena akanitolea karatasi ya bei iliyochapwa kutoka kwenye kompyuta kuthibitisha kuwa wameniheshimu. Namba moja tu, imezungushiwa duara. Mimi sikujua wakati ule kwamba bei ya gari lililotumika siyo moja. Chukueni Kelley Blue Book, mwongozo wa bei za magari wa Marekani, imeanza kutoa bei tangu 1926: inatenganisha bei ya kulitoa gari kwa muuzaji, bei ya mtu kumuuzia mtu mwenzake, na bei ya yadi kumuuzia mteja. Gari moja, hali moja, siku moja, bei tofauti. Wanaponunua kwako wanakuonyesha ile ya chini kabisa, na wanaiita "bei ya soko".

Nikasaini. Nilikuwa nimechoka, mchana wote ulikuwa umeishia pale, na pikapu yangu walikuwa wameihamisha, sijui imeegeshwa wapi, ufunguo wanao wao.

Siku ya tisa rafiki yangu akanitumia tangazo. Ni pikapu yangu. Nimeitambua kwa ule mkwaruzo, upo palepale kwenye picha ya nne, hawajaugusa. Tairi zimepakwa dawa zing'ae, basi. Kilomita kwenye tangazo ni zilezile nilizopiga picha asubuhi ya kukabidhi, hata moja haijaongezeka. Na bei: kama mimi walinipa 100, wao wanataka 146.

Maelezo ya tangazo ndiyo yaliyonichoma zaidi. "Mmiliki mmoja. Sevisi zote zimefanyika kwa wakati, kumbukumbu zipo." Ni lile faili ambalo halikufunguliwa! "Ina kifuniko cha mizigo na ndoano ya kuvutia tela." Nilipovitaja hivyo viwili mezani niliambiwa vitu vya kuongeza havihesabiwi. "Aina inayoshika bei." Haya ni maneno yao, nimeyahifadhi.

Kabla hamjaanza kunijibu kwamba biashara ni faida, hilo nalijua. Yadi inalipa pango na wafanyakazi, inasimama na gari likikataa kuuzika, inatoa dhamana, na bei ya tangazo siyo bei litakayouzwa. Kama wangeniambia, "Bosi, gari lako ni zuri, litauzika 140, sisi tunakupa 100 kwa sababu tunabeba gharama na usumbufu," ningeamua kama mtu mzima. Pengine ningekubali, maana kuuza mwenyewe ni kazi, watu wanakuja kujaribu gari na hawanunui. Walichofanya ni kuniambia kitu changu ni kibaya huku wakijua ni kizuri. Kanidharau mtu aliyekuwa anahesabu faida yake kichwani.

Na ile hadithi ya kwamba bei za gari zilizotumika zimeanguka tangu ile 2021 chipu za kielektroniki za kutengenezea magari mapya zilipoadimika, nayo niliipata. Ni kweli zilipanda wakati ule, ni kweli baadaye zikapoa. Ila kwenye tangazo lao kupoa huko hakuonekani.

Nimewapigia. Wa kwanza akasema bei zinapangwa na ofisi. Wa pili akasema niliridhia mwenyewe, saini yangu ipo. Nikaomba nakala ya ile karatasi ya nyumba nne, nikaambiwa ilikuwa ya kuandikia tu, haitunzwi. Nimewaandikia barua nikitaka mchanganuo wa ada ya maandalizi, kipi kiliandaliwa kwenye gari lililotoka kiwandani likiwa na nailoni kwenye viti. Leo siku ya tano, kimya.

Wenye pikapu mliozitoa karibuni, naomba mniwekee hapa namba tatu: bei ya gari jipya mliyotajiwa kabla hamjasema mnatoa la zamani, bei waliyowapa ya la zamani, na kama mliliona likitangazwa, walitaka kiasi gani. Wekeni na kilomita. Anayejua ada ya maandalizi inadaiwaje ili irudishwe, aniandikie hapahapa, barua ya pili naipeleka Jumatatu.