Mrejesho: ruhusa ya kumuuguza mzazi na msamaha wa matibabu

Wakuu, niliuliza kama mwajiri hapa Kigoma analazimika kunipa ruhusa yenye malipo nimuuguze mama aliyepooza. Halazimiki. Kifungu cha 34 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinatoa walau siku 4 zenye malipo mtoto wako akiugua au akifariki. Mzazi katajwa kwenye msiba tu. Inauma, maana mgonjwa ndiye anayehitaji mtu. Zinabaki likizo ya mwaka na siku za ziada bila malipo. Ombeni kwa maandishi.

Matibabu: mzee wa miaka 60 na zaidi asiyejiweza kiuchumi husamehewa gharama. Chukua barua kwa mtendaji wa mtaa, mpelekee afisa ustawi wa jamii mapema, kabla bili haijatoka.