Vikwazo vyenye matundu: acheni kutudanganya kwamba mnamzuia adui kujijenga kijeshi

Wakuu, nimechoka na huu usanii. Kila hasimu akianza kulimbikiza silaha, mataifa washirika yanakaa kikao, yanatoka na tamko kali la vikwazo, halafu ukiisoma orodha unakuta bidhaa yenye hela zaidi kwao haimo.

Chukueni Italia, 1935. Miezi na miezi dikteta wake, Mussolini, alikuwa akipitisha askari na zana za vita kwenye Mfereji wa Suez kuelekea Ethiopia, dunia nzima inaona. Uingereza na Ufaransa zikazuia silaha kwa pande zote mbili, eti haki sawa, wakati Italia ina viwanda vyake vya silaha na Ethiopia inategemea kuagiza nje! Oktoba akaivamia Ethiopia. Shirikisho la Mataifa, lililotangulia Umoja wa Mataifa, likaweka vikwazo kuanzia Novemba 18: silaha, mikopo, bidhaa zinazotoka Italia. Mafuta hawakuyagusa. Makaa ya mawe pia hawakuyagusa. Mfereji, ambao Waingereza walikuwa na jeshi lao hapo hapo, ukaachwa wazi, meli za Italia zikawa zinalipa ushuru na kupita. Sasa zile ndege zilizowamwagia Waethiopia gesi ya sumu zilikuwa zinaruka kwa maji? Addis Ababa ikaanguka Mei 5, 1936, na Julai hao hao wakaviondoa hata hivyo vikwazo vyao nusunusu. Hili linaniuma mpaka leo.

Wakajifunza? Wapi! Januari 1980 Rais Carter wa Marekani aliinyima Sovieti nafaka kwa sababu iliivamia Afghanistan. Aprili 1981 Reagan, rais aliyemfuata, akaifungulia, maana wakulima wake walikuwa wanalia soko. Kisha Juni 1982 Reagan huyo huyo akataka kampuni za Ulaya zisiuze vifaa vya bomba la gesi la Siberia. Yaani nafaka yangu iuzwe, mitambo yako ioze ghalani! Hata Thatcher, waziri mkuu wa Uingereza na rafiki yake wa damu, alikataa, na Novemba amri ikafutwa.

Mianya hiyo ndiyo wanayopita wajanja. Kampuni ya Toshiba Machine ya Japani iliwauzia Wasovieti mashine za kuchonga mapangaboi ya nyambizi, na mifumo ya kuziongoza mashine hizo ikatoka kampuni ya Kongsberg ya Norway. Kwenye makaratasi ya forodha ziliandikwa kama mashine za kawaida tu. Mambo yalipofumuka 1987, mashine zilishafungwa Leningrad, huko huko Sovieti, zamani.

Na msiniambie hayo ni ya kale. Mwaka 2024, vita vya Ukraine vikiendelea, meli za gesi ya Urusi zilikuwa bado zinashusha mzigo kwenye bandari za Ulaya.

Mkitaka kumbana mtu, anzeni na kile kinachowaumiza ninyi wenyewe, na mshirika anayepoteza soko afidiwe na wenzake. Anayeona nakosea aje hapa na mfano, siyo matusi.